Chumba cha Darubini

Haa.

Hiyo ndiyo sauti iliyobaki ndani ya nyumba baada ya Dolina kuiaga dunia. Si kicheko chake, wala Zaburi alizoimba akiosha vyombo, bali ile pumzi moja fupi aliyoipulizia miwani yake kila jioni kabla ya kuifuta kwa upindo wa aproni. Haa, kisha kimya cha kitambaa kikizunguka juu ya kioo. Finlay Matheson aliisikia bado. Alikuwa ameketi mbele ya supu yake, akaisikia, akageuza shingo, akakuta kiti.

"Wewe unakipulizia kioo," alizoea kumtania mkewe, "na mimi kazi yangu yote ni kutokipulizia."

Na ni kweli ndiyo iliyokuwa kazi yake. Finlay alikuwa mwindaji wa pori la Strathdubh, pori la tajiri mmoja aliyekuja mara moja kwa mwaka, na kila majira ya baridi alipunguza kulungu majike ili kundi lisife njaa mlimani. Bunduki mtu yeyote anaweza kuibeba. Kinachomshinda mtu katika milima ile ni kioo. Mvua huja ikiambaa ubavuni kama kitu kilichopoteza njia, ukungu unaifuata, na mtu aliyetambaa asubuhi nzima juu ya tumbo katika maji baridi hufika mwisho wa safari, akaweka jicho kwenye darubini ya bunduki, akaona weupe mtupu kama maziwa.

Finlay hakuona maziwa. Ncha mbili za darubini yake alizifunika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakikata mwenyewe, kikavutwa kutoka mbele hadi nyuma kama mkanda. Alikiachia dakika ya mwisho tu, kikaruka, kioo kikatokea kikavu. Kitambaa cha kufutia alikiweka utosini, chini ya kofia, mahali pekee pa mtu pasipolowa. Hakuwahi kufuta kwa mkono wa sweta, hata kwa haraka, maana sufu ina mafuta ya kondoo na mafuta hayo huacha wingu ambalo utalibeba hadi nyumbani. Na alipolala nyuma ya bunduki alipumua kwa pembe ya mdomo, chini, kwenye nyasi, kama mtu anayemnong'oneza mtoto asiyetaka kulala.

Lakini siri kubwa ilikuwa chumba cha nyuma.

Darubini ile ilikuwa ya zamani. Dolina ndiye aliyeiagiza kusini kwa posta, akaificha ndani ya pipa la unga hadi siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, na Finlay alipoitoa ilikuwa nyeupe kama chokaa. Miaka ikapita, mipira yake ya ndani, ile inayozuia hewa kuingia, ikakauka, na sasa darubini ilipumua. Ukiilaza kwenye chumba chenye joto na mvuke, ilivuta joto lile na mvuke wake. Ukiitoa kwenye baridi ya mlima, mvuke uligeuka ukungu ndani ya bomba, kati ya kioo na kioo, mahali ambapo hakuna kitambaa wala kidole kinachofika. Kwa hiyo isionje joto kamwe. Ilale na baridi, iamke na baridi.

Sheria ikataka bunduki ifungiwe kabati la chuma, na kabati lifungwe kwa boliti ukutani. Kuta za nyumba ile ni mbao tupu, isipokuwa ukuta mmoja wa mawe, nao uko chumba cha nyuma, chumba alichokulia binti yao Ishbel. Ishbel alikuwa ameshaolewa Glasgow. Polisi alikuja, akaligonga kabati, akaridhika. Finlay akatoa hita, akafungua dirisha, akaliegemeza kwa kijiti.

Dolina alisimama mlangoni akitazama. Hakuwa mwanamke wa kelele.

"Umeipa bunduki chumba cha mtoto," alisema, akarudi jikoni.

Jioni alilifunga dirisha, asubuhi Finlay akalifungua, na hivyo wakaishi, mmoja akifunga na mwingine akifungua, bila ugomvi, kama watu wanaosogeza kete kwenye mchezo ambao hakuna mwenye haraka ya kuumaliza. Dolina alipofariki, dirisha likabaki wazi. Baridi ya chumba kile ikatoka chini ya mlango, ikaingia sebuleni, ikapanda kitandani kwa mzee. Aliizoea. Alikula amevaa kofia.

Ishbel alirudi mwezi wa Januari, kwa gari la posta, kwa kuwa ndilo gari pekee linalofika bondeni. Dereva wake, Hector, alikuwa mtu wa maneno. Alibeba barua, mkate, dawa za kondoo na abiria wawili watatu, na alikuwa na la kumwambia kila mmoja wao, hata mkate.

"Finlay," aliita akishusha sanduku, "leo nimekuletea barua yenye miguu. Saini hapa."

Finlay akamtazama binti yake. Alikuwa amekonda. Miwani yake ilikuwa imejaa manyunyu na hakuifuta.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, baba."

Hector akasubiri kama kuna zaidi, akaona hakuna, akajikaribisha chai mwenyewe. Alikunywa amesimama, koti limefungwa hadi kidevuni, akilalamika kwamba ndani ya nyumba ile hata pengwini angeomba blanketi. Finlay akamwambia avae koti basi. Hector akajibu kwamba amevaa mawili. Kisha akachungulia chini ya ngazi, ambako palikuwa na boksi jipya la darubini ya Kijerumani lililotumwa na tajiri tangu msimu uliopita.

"Na Mjerumani wako bado yuko kifungoni?"

"Bado."

"Maskini. Ametoka kwao kuja kuwinda, kafungwa bila kesi."

Ishbel akacheka, kicheko kidogo, cha kwanza. Finlay alikisikia na kitu kikamgusa, lakini akainama kutia makaa.

Habari za Ishbel zilikuwa fupi na alizieleza akimenya viazi, bila kuinua macho. Ndoa imekwisha, mume kabaki na nyumba na mwanamke mwingine ndani yake. Jikoni kwenye shule ya kijijini wanatafuta mpishi, na mwalimu mkuu amemwambia nafasi ni yake, ila ampe jibu kabla ya Siku ya Bwana. Kama si hapa, basi yupo rafiki yake Glasgow mwenye kochi.

"Nauliza tu, baba. Nikae au niende?"

Tangu mazishi, Finlay hakuwa na jambo alilolitamani kuliko sauti ya mtu mwingine akitembea ndani ya nyumba ile. Lakini mtu aliyeishi akizuia pumzi yake isigonge kioo hawezi kuiachia kwa siku moja.

"Nyumba ni yako," akasema.

Ishbel akaendelea na viazi.

Alilala chumba cha nyuma maana hakikuwepo kingine. Kitanda chake cha utotoni kilikuwa bado pale, kimesukumwa pembeni kulipisha kabati. Alipoona dirisha limeegemezwa kwa kijiti na zulia limelowa chini yake, akamtazama baba yake, na baba yake akaeleza mambo ya mipira iliyokauka na mvuke na ukungu wa ndani, akaeleza kwa urefu, na kwa muda ule akawa mchangamfu kama kijana. Ishbel alisikiliza hadi mwisho. Akasema ameelewa. Akalala amevaa koti, soksi za sufu za mama yake, na kofia.

Asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Siku ya pili alikohoa. Finlay alikisikia kikohozi kile kupitia mbao za ukuta, na kila kilipokatika alisubiri kingine, na kilipokuja alijikuta amekunja ngumi juu ya blanketi. Mara mbili aliinuka ili aende akalifunge dirisha. Mara mbili aliuona mlima mbele yake, na majike yaliyobaki kabla msimu haujafungwa, na Dolina akiitoa darubini ile kwenye unga, akicheka. Akajilaza tena.

Hector alipopita na barua alimkuta Ishbel uani akipasua kuni ili apate joto. Alimwambia Finlay pembeni, na safari hii bila utani mwingi, kwamba kochi la Glasgow angalau halina upepo.

"Mtoto amekuja nyumbani, Finlay. Bunduki haiogopi mafua."

"Shughulikia barua zako."

"Nazishughulikia. Wewe hujapata hata moja wiki nzima."

Usiku wa tatu theluji laini ilichanganyika na mvua. Ishbel alikwenda kwenye banda, akaikuta hita ya gesi ya mama yake chini ya magunia, akaivuta hadi chumbani, akaondoa kijiti, akafunga dirisha.

Finlay aliamka kabla ya mapambazuko, akaingia chumba cha nyuma kuchukua bunduki, akasimama kizingitini. Joto lilimpiga usoni. Joto la hita ya gesi si joto kavu. Huwa na maji ndani yake, na chumba kizima kilikuwa kimetoka jasho. Kioo cha dirisha kilitiririka. Ukuta wa mawe ulimetameta. Kabati lenyewe, alipoligusa, lilikuwa na jasho kama ng'ombe. Ishbel alikuwa jikoni tayari, akikoroga uji wa shayiri, rangi imerudi mashavuni mwake, na alipomwona baba yake akitoka na bunduki alisimamisha mwiko.

"Baba, nilishindwa jana. Nilitetemeka mpaka—"

"Uji utaungua," alisema Finlay.

Angeweza kuahirisha. Angeweza kuiacha bunduki bandani asubuhi nzima ipoe na ikauke, au kumtoa yule Mjerumani kifungoni. Alijua yote hayo, hakuna aliyejua zaidi. Lakini alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na mtu wa kumwelekea, kwa hiyo akaipeleka mlimani. Alifuta vioo vya nje, akavuta tyubu juu yake, akamwita mbwa wake, Floss, wakapanda.

Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima kama kuku juu ya mayai. Alitambaa kwa kufuata kijito, maji yakiingia shingoni na kutokea magotini, hadi pua ya Floss ikainuka, upepo ukapasua ukungu, na majike yakaonekana upande wa pili, yakila, manyoya yao yamegandana kwa mvua. La pembeni lilikuwa zee, mbavu zinahesabika. Hilo lisingeiona masika. Akaliteua. Akaachia tyubu. Akaweka jicho.

Picha ilikuwa nzuri kwa kufumba na kufumbua. Kisha, kutoka pembezoni, weupe ukaanza kuja. Ulikuja taratibu, ukila duara, na alijua mara moja kwamba hauko nje. Alitoa kitambaa chini ya kofia akafuta hivyo hivyo, kwa mazoea. Weupe ulibaki. Pumzi ya chumba cha nyuma ilikuwa ndani ya bomba, joto la binti yake, jasho la usingizi wake, limeganda kati yake na yule mnyama.

Mwindaji mwenye akili huondoa kidole hapo. Kwa maisha yake yote Finlay alikiondoa, na aliwafundisha wengine kukiondoa. Lakini katikati ya weupe kulikuwa bado na tundu, kubwa kama kifungo cha shati, na ndani ya tundu lile bega la kulungu. Akafyatua.

Aliisikia risasi ikigonga, na akaujua mlio ule. Ulikuwa wa risasi iliyopiga chini mno. Jike likakunjama mgongo, likakimbia kwa miguu mitatu, ukungu ukalifunika.

Alibaki amelala pale. Mvua ilimpiga mgongoni. Haikuwahi kutokea, si kwa mkono wake, na hakukuwa na mtu wa kumwona, na hilo halikupunguza kitu. Floss alimtazama, akatazama ukungu, akamtazama tena.

"Twende," akamwambia mbwa.

Walifuata damu juu ya mawe hadi mvua ilipoifuta, kisha wakafuata pua ya Floss. Mzee alianguka, akainuka, akaanguka. Njiani alizungumza, ingawa hakuwa mtu wa kuzungumza mlimani. Alimwomba radhi jike lile, kisha hakujua tena anamwomba nani. Mchana ulikuwa umeshaanza kupauka Floss aliposimama, mguu mmoja juu. Ng'ambo ya bonde dogo, kwenye kibaraza cha mwamba ambako mtu asingefika bila kulishtua lianguke, jike lilikuwa limelala, kichwa kimeinuka, likimtazama.

Akaweka jicho. Maziwa. Hata tundu halikuwepo.

Finlay akatoa risasi kwenye chemba ya bunduki, akageuka akakaa mgongo kwenye mwamba. Akafungua koti. Akafungua sweta, na shati, na fulana ya ndani, kifungo kwa kifungo, kwa vidole vilivyokufa ganzi, mpaka mvua ikamgusa kifua. Akaichukua bunduki kama unavyompakata mtoto, akailaza darubini juu ya ngozi yake, upande wa moyo, akaifunika kwa nguo zote na mikono yake miwili.

Ilikuwa baridi hata akaguna. Ukungu wa ndani una dawa moja, nayo ni joto la polepole. Alilijua hilo tangu mipira ilipoanza kukauka, lakini hakuwahi kulihitaji, kwa sababu ya dirisha. Akakaa. Tangu Dolina, hakuwa amekumbatia kitu. Chuma kilianza kupoteza ukali wake, kikawa vuguvugu, kikawa kama sehemu ya mwili wake, na yeye akashangaa kwamba bado analo joto la kutoa. Ng'ambo, jike halikusogea. Walitazamana kupitia mvua, wazee wawili. Finlay alikuwa akilia na hakujishughulisha kuficha.

Alipoitoa, kioo kilikuwa safi kama maji ya kisima. Aliziona kope za jike, na matone juu ya kope. Akapumua kwa pembe ya mdomo, chini, kwenye nyasi. Safari hii mlio ulikuwa sahihi, na kichwa kikalala juu ya jiwe taratibu, kama kilichochoka.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka aliporudi. Sanduku la Ishbel lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa mkanda. Hita haikuwepo, alikuwa ameirudisha bandani chini ya magunia yake. Finlay alipita hadi chumba cha nyuma na kukuta dirisha wazi, kijiti mahali pake, mvua ikiingia juu ya zulia, na binti yake ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti.

"Nimekausha ukuta," alisema Ishbel. "Nimelikausha na kabati. Kesho Hector atanipitia." Alikuwa akitazama kifua cha baba yake, vifungo vilivyokosewa matundu. "Nimekuharibia, siyo?"

Finlay akaketi kwenye kiti, bunduki juu ya magoti.

"Nimejeruhi jike," akasema. "Lilihangaika karibu siku nzima. Niliona kioo kimeziba na nikapiga. Si wewe. Ni mimi."

Ishbel alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema maneno mengi namna ile kuhusu kosa lake mwenyewe, na hakujua pa kuweka mikono.

Mzee akatoa bisibisi ndogo mfukoni. Akaanza kulegeza skrubu zinazoishika darubini juu ya bunduki. Ishbel alijua maana yake. Kila mtoto wa bonde lile anajua. Darubini ikishatolewa, shabaha yake imekufa, na ile haikuwa imetolewa tangu siku mama yake alipoishikilia juu ya meza ya jikoni, unga bado kwenye mikono, baba akikaza.

"Baba, subiri. Msimu haujaisha."

"Yupo Mjerumani."

Skrubu ya mwisho iligoma, kisha ikakubali. Akaifunga bunduki tupu kabatini, akazungusha ufunguo. Darubini akaenda nayo jikoni mkononi, na Ishbel akamsikia akisogeza vitu kwenye rafu iliyo juu ya meko, ambako saa ilikuwa, na miwani ya Dolina ndani ya kasha lake. Kisha akasikia kitu kingine. Haa. Kimya cha kitambaa kikizunguka juu ya kioo.

Aliporudi alisimama kizingitini, mahali mkewe aliposimama siku ile. Mapazia yalikuwa yakipepea. Alitazama sanduku mlangoni, akatazama kijiti, akafungua mdomo, na Ishbel ilimbidi ainame mbele ili amsikie.

"Funga dirisha, mwanangu. Baridi inaingia."